Maji Chini ya Miguu ya Abiria

Mimi ni fundi wa AC za magari, na watu wengi hudhani fundi wa AC anashinda na mitungi ya gesi. Gesi ipo. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam inapokuwa na unyevu wa kukufanya ubadilishe shati kabla ya saa nne asubuhi, wateja wengi wanaoingia gereji kwangu huleta shida moja: kapeti ya upande wa abiria imelowa na gari linanuka uvundo. Nimezeekea kazi hii nikiwa nimepiga magoti kwenye mlango wa kushoto, mkono uko chini ya dashibodi.

Niliingia ufundi Gerezani mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya mzee mmoja ambaye vijana wote tulimwita Baba. Barabarani yalikuwa yamechanganyika magari ya gesi ya zamani, R12, na yale ya R134a yaliyoanza kutoka viwandani mwanzoni mwa muongo huo, baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kuanza kuiondoa ile ya kwanza kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni. Vijana wenzangu waligombea kushika geji za gesi, maana huko ndiko kulikoonekana ufundi. Mimi Baba alinipa kapeti. Kung'oa kiti, kuinua kapeti, kutoa sponji nene iliyo chini yake, kuianika juani, kupangusa bati la sakafu na kuangalia kama kutu imeanza kula. Nilinung'unika. Shangazi yangu, aliyenipeleka pale, alikuwa akiuliza nimejifunza nini wiki hii, nami sikuwa na jibu zaidi ya kufua kapeti za watu.

Kumbe Baba alitaka niyajue maji kwanza. Ndani ya dashibodi, nyuma ya kile kidroo cha kuwekea makaratasi, mna evaporeta. Ni kifaa cha alumini chenye mapezi membamba yaliyopangana, na gesi inapopita ndani yake, uso wake unapoa mpaka nyuzi chache tu juu ya sifuri. Feni inasukuma hewa ya joto kupita hapo, na unyevu wa hewa ile unageuka matone juu ya alumini, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Katika joto la mji wa pwani, lita moja kwa saa si ajabu. Maji hayo hudondokea kwenye trei ya plastiki, yakaingia kwenye mpira mdogo, mpira ukapenya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, yakamwagika barabarani. Kwa hiyo gari linalodondosha maji safi chini, likiwa limesimama na AC inafanya kazi, ni zima. Wapo wanaokuja mbio kwa hofu kwa ajili ya kidimbwi hicho, nami huwaambia warudi nyumbani. La kutia wasiwasi ni gari ambalo AC inapuliza baridi na chini yake ni pakavu. Maji yapo, yamekwenda kwingine.

Baba alikuwa na utaratibu ambao sijaubadilisha. Kabla ya kugusa spana aliloweka kidole kwenye kapeti, akakinusa, akakisugua na kidole gumba. Maji ya AC ni safi, hayana rangi wala harufu ila ile ya vumbi. Maji ya mvua huja na mchanga na vipande vya majani, na hulowesha kapeti kuanzia juu pembeni, kwa sababu yamepita chini ya kioo cha mbele au kwenye mpira wa mlango. Ya tatu ni maji ya hita, na haya ndiyo yanayowachanganya mafundi wengi. Vitabu husema maji ya hita yana rangi, yananata na yana harufu tamu, kwa sababu ya kulanti. Ni kweli, kama kulanti imo. Magari mengi hapa kwetu yanatembelea maji ya bomba kwenye rejeta, na hakuna anayewasha hita Dar es Salaam, lakini maji ya injini yanazunguka humo vilevile na kuila kwa kutu kidogo kidogo. Siku hita ikipasuka, yanatoka maji ambayo hayana utamu wowote. Hapo natazama mambo mengine: kioo cha mbele kinaota ukungu usiofutika, maji yana uvuguvugu na wekundu wa kutu, na rejeta inapungua kila asubuhi. Kuonja sikubali, wala simruhusu kijana yeyote aonje. Kulanti ni sumu.

Nikiridhika kwamba ni maji ya AC, naliinua gari kwa jeki, naweka stendi, naingia chini kutafuta mdomo wa ule mpira. Mara nyingi jibu liko pale pale. Mji huu umejaa miarobaini, na majani yake madogo huanguka kwenye matundu yaliyo chini ya waipa, yanakoingilia hewa. Gari lisilo na filta ya ndani, au ambalo filta yake ilitolewa ikatupwa ili AC "ipulize vizuri", huyavuta mpaka kwenye evaporeta. Yanaoza huko, yanachanganyika na vumbi na nywele, yanakuwa tope jeusi linaloteremka na kukaa kwenye kona ya mpira. Nimekuta pia nyigu wamejenga kwa udongo kwenye mdomo wenyewe, udongo mgumu wa kuchokoa kwa msumari.

Kuzibua kwenyewe ni kazi ndogo, lakini ina namna yake. Wengi hupeleka spoku ya baiskeli. Spoku haijui kukunja kona. Ikipita kwa nguvu inaweza kuchana mpira au kufika kwenye alumini na kuitoboa, na kazi ya dakika chache ikageuka kazi ya kushusha dashibodi nzima. Wengine hupiga upepo wa kompresa kutoka chini kwa nguvu zote: mpira unachomoka kwenye shingo ya trei ndani kabisa, au maji ya trei yanarukia feni na nyaya. Mimi huanza kwa kufyonza. Naunga bomba la mashine ya kufyonzea maji kwenye mdomo wa mpira, naacha uchafu utoke kwa njia uliyotaka kutokea. Ukikataa, natumia uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia majani, ambao unapinda na kona. Kisha namwaga maji taratibu kwenye trei kupitia tundu la filta na kuyasubiri chini. Yakitoka yote kwa mkupuo, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu nyingine ni kapeti, ile niliyoinung'unikia. Ukizibua mpira ukaacha sponji na maji yake, umemwachia mwenye gari ukungu, kikohozi cha watoto na sakafu ya kuoza. Chini ya kiti hupita soketi za nyaya, nyingine za mifuko ya hewa, kwa hiyo betri inachomolewa kabla kiti hakijaguswa.

Jambo linaloniudhi katika fani hii ni kujaza gesi kama dawa ya kila kitu. Mama mmoja alifika kwangu akiwa amekwisha kulipia gesi kwenye gereji nyingine zaidi ya mara moja kwa sababu ya maji miguuni. Kila alipolipa, maji yalizidi, maana AC iliyopoa vizuri zaidi ndiyo inayokamua hewa zaidi. Alikuwa mtu wa kuhesabu hela yake. Sikumfungulia hata koki ya gesi. Haki inanitaka niseme pia kwamba ipo hali ambayo gesi inahusika kweli: ikipungua kiasi, au kihisio cha baridi kikifa, sehemu ya evaporeta hushuka chini ya sifuri, inaganda barafu, hewa inakuwa haba, na ukizima AC barafu yote inayeyuka kwa pamoja. Lakini hata hapo gesi iliyopungua imevujia mahali. Kujaza bila kutafuta tundu ni kumchukulia mtu hela yake.

Serikali ilipohamia Dodoma, baada ya tangazo la 2016, wateja wangu kadhaa walihama nayo. Mmoja aliondoka na gari lililokuwa linalowesha kidogo, akanipigia baada ya miezi michache kuniambia limepona lenyewe. Nilimwambia hewa ya huko ni kavu, AC haina cha kukamua, aniletee atakapokuja. Alirudi Dar es Salaam wakati wa joto, na kabla hajafika Kimara kapeti ilikuwa inachuruzika. Mpira ulikuwa umejaa vumbi jekundu lililokaa humo kiangazi chote, na maji ya kwanza ya pwani yakaligeuza udongo. Tangu hapo nawaambia wote wanaoishi kati ya miji hii miwili walete gari lizibuliwe kabla ya safari ya kushuka pwani.

Vijana niliowafundisha nami nimewaanzisha na kapeti. Mmoja amefungua gereji yake Mbezi, na mwaka jana alinipigia kuhusu basi dogo lenye AC ya nyuma, ambalo maji yalikuwa yanawadondokea abiria vichwani. Kwenye magari hayo evaporeta ya pili iko darini, na mipira yake inashuka ndani ya nguzo za bodi, kushoto na kulia.

"Shikamoo, Baba. Nimezibua wa kulia, bado yanadondoka."

"Marahaba. Gari linalala wapi?"

"Kwa tajiri, kwenye mteremko."

"Limeinamia upande gani?"

Akanyamaza kidogo, akacheka. "Kushoto."

"Basi shusha plastiki ya nguzo ya kushoto, uanze juu."