Hela ya Chupa

Ingia duka lolote la Majengo au Chang'ombe hapa Dodoma, uagize soda ya chupa ya kioo uende nayo nyumbani. Kabla hajafungua friji, mwenye duka atakuuliza: "Umekuja na chupa?" Kama huna, unaacha hela ya chupa; ukirudisha chupa, unarudishiwa hela yako. Kwa utaratibu huo tu, ni nadra kuikuta chupa ya soda imetupwa mtaroni. Watoto hugombea kutumwa kuirudisha, maana mara nyingine mama huwaachia ile hela.

Kwenye friji hilohilo kuna maji ya chupa za plastiki, na mteja ni yuleyule. Hizo ndizo zinazoziba mitaro, na upepo wa Julai huzisukuma mpaka kwenye michongoma. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watu wetu ni wachafu kwa asili. Mtu hukilinda kitu ambacho hela yake bado imo ndani. Kwenye vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ni vivyo hivyo: mwenye hisa hakumbushwi siku ya kikao.

Plastiki hiyo imeachiwa waokota makopo. Nimewatazama akina mama wakipimiwa chini ya mwarobaini, mizani ikining'inia tawini. Kwanza wanafungua vifuniko na kumwaga maji yaliyobaki, kwani mnunuzi halipii maji. Kiroba kinachomzidi mbebaji kimo kinatundikwa, na mshale unasogea kidogo tu. Chupa ya nusu lita haifiki gramu 25, kwa hiyo kilo moja inadai chupa zaidi ya 40. Viwanda vingi vya kuzisaga viko Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450, na nauli ya lori inakatwa humohumo kwenye bei ya kilo. Mafuta ghafi yakishuka bei duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi, na kilo ya makopo inashuka nayo. Mzigo wote huo anaubeba mama wa kiroba. Aliyekunywa maji hachangii hata senti, na hilo naliona ni dhuluma.

Ujerumani iliweka hela ya chupa, senti 25 za yuro, kwenye chupa za plastiki za namna hii tangu 2003, na karibu zote hurudi dukani. Sisi tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 1, 2019, tulizoea vikapu na mifuko mbadala upesi kuliko wengi walivyodhani. Hela ya chupa ni jambo jepesi zaidi: wenye maduka wetu wamehesabu kreti za soda miaka yote.

Naiomba Serikali na wenye viwanda vya maji waianzishe kwa chupa za plastiki. Nawe msomaji, usizitie chupa mfuko mmoja na maganda na mabaki ya ugali. Ziweke pembeni zikiwa kavu, umpe anayepita na kiroba.