Nani Analipia Unga wa Bei Nafuu?



Wapendwa waamini, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wanasiasa na wachumi peke yao: bei ya mahindi. Sisi tunaowahudumia wakulima hatuwezi kulikwepa. Bei ya debe ndiyo inayoamua ni mtoto gani atarudi shuleni mwezi Julai, ni mgonjwa gani atafikishwa hospitali, na ni ndoa ipi itaahirishwa hadi mwakani. Mwaka ambao bei imeanguka tunautambua hata kwenye sadaka: nafaka huwa nyingi, fedha huwa haba.

Hapa Tanzania, mara nyingi chakula kilipohofiwa kupungua, jibu la haraka lilikuwa kufunga mipaka. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Pembe ya Afrika, Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mwezi Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza zuio jingine, akiagiza kwamba anayetaka kuuza nje asage kwanza, auze unga. Mazuio yote mawili yaliondolewa baadaye. Nia haikuwa mbaya. Mama wa Dar es Salaam anayenunua unga kilo moja moja, naye ni mtoto wa Mungu, na njaa yake ina haki ya kusikilizwa.

Lakini tuangalie jinsi zuio linavyofanya kazi. Mahindi ya Ruvuma, Rukwa, Njombe na Mbeya huvunwa kuanzia katikati ya mwaka. Wakati huo mkulima anadaiwa mbolea, ada inamngoja, na ghala lake ni kile chumba wanamolala watoto. Dumuzi nao hawana subira. Hivyo huuza upesi. Mpaka ukifungwa majuma hayohayo, mnunuzi wa nje hayupo, na mnunuzi wa ndani anajua fika kwamba mwenzake hana pa kwenda. Bei hushuka. Miezi kadhaa baadaye mpaka hufunguliwa, lakini mahindi yamekwisha kutoka mikononi mwa aliyeyalima, yamo ghalani mwa mwenye mtaji. Kisha Februari inapofika, mkulima yuleyule hurudi sokoni kununua debe kwa bei iliyo kubwa kuliko ile aliyouzia. Msimu unaofuata hulima eneo dogo na kupunguza mbolea, na hapo hata mji uliokusudiwa kulindwa huanza kuumia.

Kwa hiyo swali letu si kama unga uwe wa bei nafuu au la. Swali ni nani alipie unafuu huo. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, aliligusa jambo hili waziwazi. Alikubali kwamba mazao ya shamba hukidhi mahitaji ya lazima ya binadamu, na hivyo bei yake haina budi kuwa katika uwezo wa watu wote. Papo hapo alikataa kabisa sababu hiyo isitumiwe kuwaweka wakulima daima katika unyonge, naye alitaka bei ya mazao yao ilindwe.

Taifa letu limewahi kujaribu. Katika miaka ya 1970 mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji. Wakulima wa Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, walio mbali na Dar es Salaam, wakapata moyo wa kulima. Gharama ya usafirishaji haikuwa ndogo, na katika miaka ya 1980 madeni yakalielemea shirika. Tangu mwaka 2008 tunao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, unaonunua nafaka wakati wa wingi ili itumike wakati wa uhaba. Njia hii yaelekea zaidi kwenye haki, mradi ununuzi uanze mapema, malipo yasicheleweshwe, na bei ijulikane kabla ya mbegu kuingia ardhini. Hapo mlo wa mnyonge wa mjini hugharamiwa na taifa zima, wala hautolewi mfukoni mwa mnyonge wa shambani peke yake.

Hata hivyo, tusiinyoshee kidole Serikali tu. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa bado inafungwa, na wanaoifunga wamo miongoni mwetu tunaokomunika pamoja. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na nabii Amosi aliwakemea wazi waliochezea vipimo ili kuwanyonya maskini. Kilo ishirini zilizoongezwa juu ya gunia bila malipo ni ada ya mtoto wa mtu.

Basi, katika jumuiya ndogondogo juma hili, tunawaomba mjadili mambo mawili. Kwanza, je, familia kumi zinaweza kuhifadhi mahindi yao pamoja, katika mifuko isiyopitisha hewa, na kuuza kwa mzani mmoja wasipokuwa na haraka? Pili, ninyi wafanyabiashara wa mazao, je, mko tayari kununua kwa kilo, mbele ya macho ya muuzaji? Majibu yenu viongozi wa jumuiya watuletee. Tutayasoma, na yale yanayowezekana tutayaanza kabla ya mavuno.

Mungu awabariki, na awabariki wote wenye jembe mkononi.