Mishumaa ya Yangambi

Atokaye Kisangani kwa mtumbwi na kushuka mto Kongo kadiri ya kilometa 100, hufika Yangambi, ukingo wa kuume. Mwaka 1933 ilianzishwa idara ya uchunguzi wa kilimo, na Yangambi ikawa makao yake makuu. Humo yatunzwa hata leo mimea iliyokaushwa ya nchi yetu, vipande zaidi ya 100,000, kila kimoja na jina lake.

Lakini sisi tulipata somo letu la kwanza kabla ya kufika penye nyumba hizo. Karibu na gati, penye udongo wa majimaji, ulisimama mti mdogo unaopita kimo cha mtu. Majani yake yamepangwa mawili mawili, na maua yake ya manjano yasimama wima kama mishumaa ya altare. Maganda ya mbegu yana mabawa manne. Kwa hiyo mwaka 1753 mtaalamu Linnaeus aliupa mti huu jina la «alata», maana yake «wenye mabawa». Si mwenyeji wa Afrika, bali ulitoka nchi za joto za Amerika. Hata Ufilipino wanaujua, na serikali yao imeuandika kati ya mimea 10 ya dawa.

Bibi mmoja mzee alikuwa akichuma majani hayo. Tukamsalimu.

«Mama, dawa ya nini?»

«Ya choa, wanangu. Natwanga majani mabichi, natia mafuta kidogo ya mawese, nampaka mjukuu wangu asubuhi na jioni.»

Mama huyo alisema kweli. Choa huletwa na kuvu, kimelea kipendacho jasho na unyevu. Ndani ya majani hayo mna asidi ya krisofani, na wataalamu wamehakikisha kwamba maji ya majani huzuia kuvu wa choa kuota. Lakini yafaa kwa ngozi tu. Choa cha kichwani kimejificha ndani ya nywele, nacho chataka dawa ya kumeza kutoka kwa mganga wa dispanseri. Tena asiyanywe mtu ovyo, maana majani hayo huharisha sana.

Akatuonyesha wajukuu wawili. Mkononi mwa yule mkubwa choa kilikuwa cha duara, chenye magamba pembeni, nacho kilikuwa kikipona. Mgongoni mwa mdogo palikuwa na doa lililopauka.

«Hili nalipaka tangu masika, lakini halisikii dawa.»

«Lamwasha, Mama?»

«Hata kidogo.»

Tukamfumba mtoto macho, tukagusa doa kwa unyoya wa kuku. Hakujua tulipogusa. Bibi alinyamaza, majani mkononi. Alikuwa ameelewa kabla hatujasema neno.

Ndugu wasomaji, doa lisilowasha na lisilosikia laweza kuwa ukoma. Hapo jani halifai, na kila mwezi unaopotea waweza kumgharimu mtoto vidole vyake. Wala si jambo la kuficha kwa aibu: tangu mwaka 1995 dawa za ukoma hutolewa bure ulimwenguni, na mgonjwa huzimeza miezi 6 au 12, akapona.

Kesho yake asubuhi tulimwona bibi huyo mlangoni pa dispanseri ya masista, mtoto mgongoni, wa kwanza katika mstari. Majani aliyaacha nyumbani kwa ajili ya yule mkubwa.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu pamoja na dawa zitokazo ardhini. Vyote viwili ni vya Mungu mmoja. Basi, anayelitwanga jani asiisahau njia ya dispanseri.