Bushi Haikazwi Gurudumu Likining'inia

Nimefunga gereji yangu ya Ngamiani, mjini Tanga. Miguu haitaki tena kulala chini ya gari tangu asubuhi hadi magharibi. Vifaa nimevihamishia uani kwangu Sahare, na watoto wa jirani wenye pikapu zao huja kuniuliza, kwa maana siku hizi kila kijana mwenye boksi la spana anajifungulia gari nyumbani. Sina ubaya na hilo. Lakini kuna jambo moja nimelibishania tangu ujana wangu, na sitaki niondoke duniani nikiwa nimelisema mdomoni tu.

Nilizaliwa Ngomeni, kando ya reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Baba alikata mkonge. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967 na mashamba mengi ya mkonge yakachukuliwa na serikali, mimi nilikuwa mtoto wa shule, na ninayakumbuka matrekta ya shamba kuliko hotuba. Nilipomaliza darasa la saba nikapelekwa mjini kwa mjomba wangu, fundi. Utoto ukaishia hapo.

Mjomba alikuwa mtu wa Peugeot. Zama zile pikapu ya Peugeot 404, na baadaye 504, ndiyo iliyobeba watu, madafu na samaki kati ya Tanga na Pangani, na barabara ile ya vumbi ilikuwa inakula miguu ya mbele bila huruma. Kazi ya kwanza aliyoniamini nayo ilikuwa kufungua mikono ya mbele, hivi vyuma vinavyoshika gurudumu na chesisi, ambavyo vijana wanaviita kontroli amu. Alinipa futi ya chuma kabla hajanipa spana. "Pima kwanza, mwana. Kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi. Andika." Nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa gari. Sikuelewa kwa nini, na yeye hakuwa mtu wa kueleza jambo kabla mkono haujalifanya.

Sababu yenyewe ni hii. Bushi ya mpira ina bomba la chuma la nje lililopigwa kwenye mkono, na bomba la ndani ambalo bolti inalibana kwenye chesisi. Katikati yake ni mpira ulioshikamana na mabomba yote mawili. Gari linapopanda na kushuka, bomba la ndani halizunguki hata kidogo. Ni mpira unaojipinda na kurudi. Sasa ukikaza bolti wakati gari liko juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo kwao. Ukishusha gari, uzito unaupinda na unabaki umepindwa, kama nguo inayokamuliwa, gari likiwa limesimama hata usiku mwenyewe amelala. Ukiongeza mashimo ya barabarani, utapasuka kabla ya siku zake.

Kwa hiyo Mjomba aliingiza bolti zote, akazishika kwa mkono tu, akarudisha tairi, akashusha gari. Tukalisukuma mbele na nyuma, tukakandamiza boneti mpaka gari likakaa lilivyozoea kukaa. Ndipo akaingia chini na kukaza. Pale ambapo nafasi ya kuingia haikuwepo, alibakisha gari kwenye stendi, akaweka jeki chini ya mkono wenyewe na kuupandisha mpaka kipimo cha chaki kikarudi palepale kilipokuwa. Futi ile ilikuwa na kazi yake.

Mtaa wa pili palikuwa na fundi mwingine, simtaji, ameshatangulia mbele ya haki na watoto wake naheshimiana nao. Alikuwa na jina kubwa kuliko Mjomba kwa sababu alikuwa mwepesi: asubuhi unampelekea gari, adhuhuri unalichukua. Yeye alikaza kila kitu gari likiwa juu, akapiga rangi nyeusi, kwisha. Aliposikia habari ya futi na chaki alicheka mbele za watu na kusema Mjomba anapoteza muda wa wateja. Kwa haki yake niseme alikulia kwenye malori, springi za majani zenye pini na bushi za shaba zinazopigwa grisi. Kule chuma kinazunguka ndani ya chuma, ukikaza juu au chini hakuna tofauti. Alichobeba kutoka kwenye lori akakileta kwenye mpira, na hakuna aliyemzuia.

Wateja wake walirudi na bushi zilizopasuka. Akawaambia spea ni feki. Baadaye, magari ya Japani yalipojaa na spea za kila namna zikaingia, maneno hayo yakawa rahisi zaidi, na kweli feki zipo. Lakini mimi nilizikata bushi hizo kwa msumeno na kuziangalia. Mpira mbovu unamomonyoka pande zote. Mpira uliokazwa vibaya umechanika kwa kufuata mzunguko, upande uleule kwenye kila bushi. Niliziweka kwenye kopo la rangi na kumwonyesha kila aliyebisha, na wachache walitaka kutazama.

Nyinyi mnaofanyia uani, sikilizeni. Hilux Vigo zinazobeba samaki kutoka Kigombe zinaoshwa kwa maji ya chumvi yanayovuja kwenye matenga, na bolti za mikono ya chini hugandia ndani ya bomba la bushi. Bolti hizo zina visahani vilivyotobolewa pembeni, ndivyo vinavyopanga mwelekeo wa tairi, kwa hiyo piga alama kabla ya kugusa chochote. Mwagia oili tangu jana yake. Ikikataa, ikate, usiipige nyundo mpaka uharibu mahali pake kwenye chesisi. Boljointi usiichomoe kwa mtaimbo utakaochana kifuniko chake cha mpira: gonga jicho la chuma linaloishika, pande mbili kwa nyundo mbili, itaachia. Kalipa ya breki ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake. Na gari lisimame juu ya stendi za chuma. Tofali linapasuka bila kutoa taarifa, na jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake. Mtu anayekuharakisha hapo mfukuze uani kwako. Ukimaliza, peleka alaimenti siku hiyohiyo, hata kama alama zako zimelingana.

Mpwa wangu, mwenye cheti cha VETA na akili nzuri, ananiletea sasa hoja ya bushi za plastiki ngumu, zile zinazozunguka kwenye bomba lake, akidai ukiweka hizo ugomvi wangu wote unakwisha. Ni kweli hazijali ulikaza wapi. Lakini zinataka grisi yake maalumu, na mchanga na chumvi vikiingia zinalia njia nzima. Nimemwambia aziweke kwenye gari lake kwanza, alipeleke Pangani msimu wa masika, kisha aje tuzifungue pamoja. Amekubali.