AZOTI KATIKA MIPIRA: INAFAA AO HAPANA?



Toka likizo ya Pasaka tunaulizwa swali moja tu. Tunaulizwa kisimani, tunaulizwa katika mstari wa chakula, na mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alituamsha usiku kwa ajili yake: "Kapita, ile habari ya azoti ni kweli ao ni uongo?" Tuliahidi kujibu katika gazeti, na leo tunajibu. Lakini tunawaomba uvumilivu, sababu ndani ya jibu hili kuna jambo jingine ambalo hatukulisema vizuri mbele ya mkutano wa shule, nasi hatutaki kumaliza masomo yetu hapa bila kulisema.

Mnakumbuka ile Land Cruiser ya mchuuzi iliyolala siku mbili katika kiwanja chetu ikitoka Kabambare. Kila gurudumu lake lilikuwa na kifuniko kidogo cha rangi ya kijani pale pa kutilia upepo. Dereva wake ni mtu wa maneno matamu. Alituambia kwamba zamani aliendesha magari Nairobi, na kule kwenye vituo vya petroli watu wanalipa pesa watiwe azoti katika mipira pahali pa upepo. Kifuniko cha kijani ndicho alama yake. "Hii si upepo ya bule," alisema akipiga gurudumu teke. "Azoti haitokake, haipatake moto, na mupira haizeeke upesi."

Kufika jioni bweni zima lilikuwa limegawanyika. Kuna waliosema tuchange pesa, tumtume mchuuzi atuletee chupa ya azoti toka Bukavu kwa ajili ya baiskeli nne za shule. Wafinalisti wawili walikuwa tayari kufungua sanduku letu, lenye pesa tuliyoweka kwa ajili ya mtihani wa Serikali. Hata sisi tulikuwa karibu kukubali. Kitu kinachotoka mbali kinaonekana kuwa na nguvu kuliko kile tunachokivuta puani kila siku.

Mwalimu wetu wa kemia hakucheka. Aliandika ubaoni: katika sehemu mia za hewa hii tunayovuta, 78 ni azoti, 21 ni oksijeni, na ile moja inayobaki karibu yote ni argoni. Kisha akageuka akauliza, "Sasa ninyi mnataka kununua nini?" Darasa likanyamaza. Tangu siku ya kwanza baiskeli zetu zinatembea juu ya azoti, na hakuna aliyetutoza hata franka moja.

Lakini dereva hakudanganya katika yote, na haki yake tumpe. Mpira si ukuta wa chuma, hewa inapita ndani yake polepole, na oksijeni inapita upesi kuliko azoti. Basi mpira wenye azoti karibu tupu unakawia kulegea. Swali ni unakawia kwa kiasi gani. Gazeti moja la Marekani linalopima vitu vya kununuliwa, jina lake Consumer Reports, lilijaribu jambo hili mwaka 2006 mpaka 2007. Walichukua mipira ya gari ya namna 31, wakaijaza pauni 30 kwa kila inchi ya mraba (ni kama bari mbili), wakaiacha mwaka mzima bila kuiongeza. Ile ya upepo wa kawaida ilipungukiwa pauni tatu na nusu. Ile ya azoti ilipungukiwa mbili na kitu. Tofauti yote ni pauni moja na kidogo, kwa mwaka mzima! Mtu mwenye pompi anairudisha akiwa anaongea na rafiki yake.

Kuna jambo moja lilitufurahisha zaidi. Oksijeni ikitangulia kutoka, nasi tukiongeza upepo wa kawaida juu ya ile azoti iliyobaki, basi kila tunapopompa sehemu ya azoti ndani ya mpira inazidi kidogo. Kumbe yule mzee anayepompa kinga yake kila juma kwenye njia ya soko anatengeneza azoti bila kujua.

Na habari ya moto? Hapo dereva alikosa. Tulifanya hesabu ubaoni. Gurudumu la gari lina bari 2 asubuhi, mpira ukiwa na joto la digrii 20. Mchana, kwa jua na kwa mwendo, mpira unafika digrii 50. Usisahau kuongeza ile bari moja ya hewa ya duniani kabla ya kuhesabu (wengi tulisahau, na mwalimu alitupa sifuri). Jibu ni bari 2.3 hivi, na ni hilo hilo kwa azoti na kwa hewa kavu. Kinachosumbua ni mvuke wa maji. Ukipompa wakati wa mvua kubwa unaingiza unyevu, nao unachezacheza na joto zaidi, na katika gurudumu la gari unaleta kutu. Azoti ya kununuliwa ni kavu. Hiyo ni faida ya kweli, lakini kwa baiskeli ni ndogo sana.

Mtu atauliza, kama ni hivyo, kwa nini basi ndege zinatiwa azoti? Sababu ni moto. Ndege ikifunga breki, magurudumu yanapata joto kali sana, mpira unaanza kutoa mvuke unaowaka, na oksijeni iliyobanwa ndani inakuwa chakula cha ule moto. Tarehe 31 mwezi wa tatu 1986, ndege Boeing 727 ya kampuni Mexicana iliondoka mji wa Mexico. Breki yake moja ilikuwa imepata moto kupita kiasi, na gurudumu lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida pahali pa azoti. Lilipasuka ndege ikiwa angani, na watu wote 167 walikufa. Pale azoti si mapambo. Hata malori makubwa ya migodini yanatiwa azoti kwa sababu hiyo hiyo. Lakini baiskeli inayopanda mlima na gunia la mchele haiwezi kufika katika joto la namna ile, hata akiiendesha yule ndugu wa darasa la tano tunayemfahamu wote.

Mwalimu alitusimulia habari nyingine, na hii ndiyo haikutuacha tulale. Tarehe 11 mwezi wa saba 1991, ndege DC-8 iliondoka Jeddah ikirudisha mahujaji kwao Sokoto, Nigeria. Sisi wa Kasongo tuna majirani wengi Waislamu, na tunajua furaha ya nyumba inayongojea mtu wake aliyekwenda kuhiji. Magurudumu ya ndege ile yalikuwa yamelegea, na mafundi walijua toka siku kadhaa mbele. Walihitaji azoti ili kuyajaza. Azoti haikupatikana upesi, ndege imekwisha kuchelewa, basi ikaachwa iende vile vile. Ilipokuwa ikikimbia chini mipira ilikatika, moto ukawaka, magurudumu yakakunjwa ndani pamoja na moto wake. Wote 261 waliokuwa ndani walikufa.

Mwalimu aliendelea na somo, lakini sisi hatukusikia tena. Sababu hapo ndipo tunapokuja kwa lile jambo letu.

Jumamosi ile dereva alipokuwa hapa, baiskeli nne zilitakiwa kwenda kuchukua mchele wa bweni katika vijiji vya njia ya Kabambare. Mnajua kwamba kuna daftari. Kabla ya safari, kapita anaangalia breki, mnyororo na mipira ya kila baiskeli, anaandika, anatia sahihi. Asubuhi ile tulikuwa tumesimama pembeni ya Land Cruiser tangu kengele ya kwanza, tunabishana juu ya azoti. Wadogo zetu wakaja na daftari. Tukalichukua, tukaandika "sawa, sawa, sawa, sawa", tukawarudishia, tukaendelea kubishana. Hatukugusa gurudumu hata moja. Katika gazeti tunasema "sisi" kwa desturi, lakini daftari lilikuwa katika mkono mmoja tu, na mwandiko ule kila mtu hapa anaujua.

Baiskeli ya tatu ilikuwa imelegea nyuma. Wakati wa kwenda, tupu, haikuonekana. Wakati wa kurudi ilikuwa na gunia la kilo hamsini. Katika mteremko wa kile kijito chenye daraja la miti, gurudumu la nyuma liligonga kichwa cha gogo, upepo ukatoka wote kwa mara moja, na ndugu yetu wa mwaka wa pili akaanguka pamoja na gunia lake. Mkono wa kuume ulivunjika juu ya kiwiko. Wenzake walimbeba kwa mgongo, kisha kwa pikipiki ya mtu wa huruma, mpaka hospitali. Mitihani ya muhula hakuifanya.

Katika mkutano wa Jumatatu Bwana Prefe aliuliza nini kilitokea. Tulisimama tukajibu kwamba mpira ulikuwa mzee, na tena tuliongeza, mbele ya ninyi wote, kwamba kama ungekuwa na azoti usingepasuka. Wengi walipiga makofi. Ndiyo sababu mpaka leo mnatuuliza habari ya azoti.

Kumbe fundi wa sokoni alikuwa amekwisha kututolea ule mpira wa ndani. Haukuwa mzee. Ulikuwa na mikato miwili midogo, imekaa pamoja kama alama ya meno ya nyoka. Fundi alituangalia usoni. "Hii haikupasuka," alisema. "Hii iliumwa na chuma ya gurudumu. Upepo ilikuwa kidogo, muzigo ikakamata mupira kati ya chuma na muti. Nani aliangalia mbele ya kutoka?" Tulimlipa, tukaenda. Hata hivyo Jumatatu tulisema tulichosema.

Huyu ndugu yetu tumekwisha kumwambia kwa kinywa, na mama yake vilevile, tulipokwenda kwao baada ya ibada. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza paka jambo moja: "Ninyi wanangu, ile kuangalia inachukua muda gani?" Tulimjibu, dakika mbili kwa baiskeli moja.

Basi jibu la swali lenu ni hili. Kwa ndege, ndiyo. Kwa malori ya mgodi, ndiyo. Kwa tajiri wa Nairobi, afanye anavyopenda, haimdhuru. Kwa baiskeli za shule yetu, hapana, na pesa ya sanduku haitoki. Na yule dereva mwenyewe, siku aliyoondoka, gurudumu lake la mbele lilichomwa na msumari karibu na soko. Fundi alibandika kiraka, akalijaza kwa pompi upepo wetu wa Kasongo, akarudisha kile kifuniko cha kijani. Gari likaenda zake vizuri.

Tulijaribu kuazima kipimo cha fundi, lakini hakishiki pale pa kutilia upepo katika baiskeli zetu. Ni cha gari na pikipiki. Kwa hiyo tumetafuta njia nyingine. Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda, gurudumu linabonyezwa kwa kidole gumba, mtu mzito anapanda, mwingine anainama kuangalia kama mpira unalala chini. Kisha linapompwa mpaka ligome, na mapigo ya pompi yanahesabiwa na kuandikwa. Neno "sawa" limekatazwa katika daftari. Gurudumu lililozoea mapigo matano likidai ishirini, haliendi njiani mpaka litiwe katika beseni la maji na tundu lionekane. Katika majuma matatu tumepata matundu mawili namna hiyo, moja katika baiskeli ya kwanza ambayo kila mtu alikuwa anaisifu.

Pompi inatundikwa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa depo. Anayeiazima airudishe kabla ya kengele ya jioni. Juma lililopita ilipotea siku mbili, nasi tunajua ilikuwa chini ya kitanda cha nani.

Kapita wa bweni, mwaka wa mwisho