Staa Kaacha Tundu la Sigara Kwenye Siti ya Ngozi, Msala Ukabaki kwa Dereva

Leo nina ubuyu, ila si wa nani kamwagana na nani. Ni wa tundu. Tundu lenyewe halizidi punje ya njegere, lakini nusura limtoe mtu kazini.

Iko hivi. Kuna msanii mmoja hapa Dar, jina kapuni, alikodi ndinga kali kwa ajili ya kichupa chake. Siti zote ngozi, rangi ya maziwa. Picha mliziona, na maneno yale ya "nimejizawadia". Sasa ile ndinga ina mwenyewe, na ina dereva anayelipwa kwa siku. Dereva ni jirani yetu wa miaka mingi, mimi namwita kaka. Usiku wametoka lokesheni, kaka kawasha taa ya ndani afagie, anakuta siti ya nyuma ina tundu, kingo nyeusi. Sigara hiyo. Kumpigia meneja wa staa, anajibiwa: "Sisi tumeliacha gari zima, mtafute aliyefanya." Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Kaka ana watoto wawili wanasoma. Kubadilisha ngozi ya siti nzima kungemla posho ya wiki kadhaa, hapo kama bosi hajamfukuza kwanza. Basi asubuhi akaja kwetu na mpango wake: supa gluu, juu yake kiwi nyeupe ya viatu, gari linakabidhiwa kimya kimya.

Nikamwambia kaka, hapana. Mimi nilipomaliza form four nilikaa miaka miwili kwa mjomba, ni fundi wa siti pale Gerezani, kwa hiyo haya mambo nayajua. Supa gluu ikikauka inakuwa ngumu kama kucha. Siti inabonyea kila mtu akikaa, sasa ile sehemu ngumu haibonyei, inakatika pembeni na tundu linakuwa mpasuko. Na kiwi ndiyo usiseme. Ngozi nyingi za siti za magari ya sasa zimepakwa rangi, na juu ya rangi kuna koti la kuilinda. Kiwi haizami, inakaa juu tu. Joto la Dar likipiga, inahamia kwenye gauni la bibi harusi.

Tukaenda kwa mjomba. Kwanza alikagua kama ni ngozi kweli, maana magari mengi yanayosifiwa siti za ngozi yana ngozi pale unapokalia tu, pembeni na mgongoni ni plastiki iliyofanana nayo. Hii ilikuwa ngozi. Akapafuta kwa spiriti mafuta yatoke, akakwangua ule ukoko wa kuungua kwa wembe mpaka akafika kwenye ngozi nzima. Tundu likaongezeka kidogo, kaka akashika kichwa!

Halafu ndio siri yenyewe. Tundu la siti huanzi kuliziba kwa juu, unaanzia chini. Mjomba alikata kipande cha jinzi kikubwa kuliko tundu, akakipenyeza ndani kwa kile kichuma cha kunyofolea nyusi, akakinyoosha kikakaa kati ya ngozi na sponji. Akapaka gundi inayovutika chini ya kingo zote, akabonyeza, akaweka uzito juu. Ikishashika, anapaka dawa ya kuzibia ngozi, safu nyembamba, inakauka, anapiga msasa laini, anarudia tena. Mara nne. Ukipaka nene mara moja, inabonyea katikati na kupasuka. Mwisho rangi. Hiyo alichanganya karibu saa nzima, akijaribia sehemu iliyojificha chini ya siti, kisha koti la juu la kulinda.

Nyongeza kwa wenye magari: kama siti yako ina maandishi ya airbag ubavuni, pale usishone wala usigundishe mwenyewe. Ule mfuko unatokea hapo hapo siku ya ajali. Hata kava la siti lisilotengenezwa kwa siti za namna hiyo linaweza kuuzuia.

Jioni tundu halionekani mpaka uambiwe lilipo. Hapo kaka akalegea: "Dada, sasa kuna haja gani ya kumwambia mzee?" Kusema kweli swali lake lilikuwa na mantiki. Mjomba ndiye aliyemjibu, huku anakunja vitambaa vyake: "Rangi hii itachakaa tofauti na ile ya kiwandani. Mwaka huu au ujao ataliona. Siku hiyo hutakuwa na cha kumwambia."

Kaka akaenda akasema, akatoa na zile picha alizopiga usiku ule, zina saa na tarehe. Mzee akapitisha dole gumba juu ya siti kimya, kama dakika nzima. Akauliza fundi ni nani. Akakata hela ya fundi kwenye posho, elfu arobaini, akamwambia kesho saa moja kuna safari ya airport asichelewe. Na sasa hivi kila mteja anasaini kwenye karatasi hali ya siti kabla hajapanda, awe staa awe nani.

Staa wetu hajalipa hata mia. Juzi nimemuona Insta na ndinga nyingine nyekundu, "baraka juu ya baraka". Mimi nilichowaza ni dereva wa hiyo nyekundu, kama ameshawasha taa ya ndani akaangalia siti.

Haya wadau, ile elfu arobaini ilikuwa haki ailipe kaka kweli? Na ungekuwa wewe, ungesema au ungeuchuna? Tiririkeni hapo chini.