Maji Yakifika Kwenye Jiwe

"Boti inaondoka saa ngapi?" nilimuuliza kijana wa tiketi pale Nyamisati.

"Maji yakijaa," akajibu, akaendelea kuandika majina ya abiria.

Tulikuwa tumeondoka Mbagala alfajiri, tukaiacha lami pale Bungu na kuingia barabara ya vumbi mpaka ukingoni mwa delta ya Rufiji. Mwanangu mkubwa, wa miaka mitano, nilikuwa nimemshika mkono. Mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa mgongoni. Nilikuwa na kikapu cha uji, nepi na maandazi, na hesabu zangu zote nilizipiga kwa saa ya ukutani: saa sita uji, saa nane usingizi, saa kumi na moja kuoga. Mimi nimezaliwa Songea, bahari niliijua ukubwani, na wakwe zangu wa kisiwani Mafia nilikuwa bado sijawapelekea wajukuu wao. Mume wangu alibanwa na kazi, akanisindikiza kwa simu tu.

Maji yalijaa karibu na saa sita. Boti ikapenya mikokoni, ikatoka wazi, na hapo mawimbi yakaanza kutubeba na kututua. Mkubwa alitapika mara mbili. Mama mmoja niliyekaa naye, ambaye hata jina sikumuuliza, alimchukua mdogo bila kuniomba ruhusa, akamlaza mapajani na kumfunika kwa kanga yake mpaka tulipoiona bandari ya Kilindoni. Nilifikiri ni wema wa mtu mmoja. Baadaye nikaona ndivyo watoto wanavyobebwa huko: aliye karibu ndiye mwenye mtoto.

Kilindoni tulipanda bajaji, tukapita katikati ya minazi mpaka Utende, upande wa pili wa kisiwa, na kutoka hapo dau lilituvusha kwenda kisiwa cha Chole kwa dakika chache. Wifi yangu alikuwa amesimama majini mpaka magotini anatungoja. Alimpokea mdogo kwanza, kisha mkubwa, kisha kikapu. Mimi nilishuka mwenyewe.

Mama mkwe anaishi Juani, kisiwa cha pili, na kati ya Juani na Chole kuna mkono wa bahari ambao maji yakitoka sana unavukwa kwa miguu. Nikataka twende kesho yake.

"Kesho maji mafu, wifi," akaniambia. "Hayatoki vya kutosha. Ngoja bamvua."

Tukangoja siku tano. Naweza kueleza sasa nilichokuwa sikijui wakati ule. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kutoka sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Mambo haya nilifundishwa na binti wa wifi, wa miaka minane, huku anamenya muhogo. Hakuwa anajionyesha. Alinieleza kama mtoto wa mjini anavyokueleza ni daladala gani inakwenda Kariakoo.

Siku zile tano zilikuwa na mambo yake. Karibu na nyumba ya wifi palikuwa na fundi anaunda mashua. Mkuku ulikwishalazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za samaki mkubwa, na mbao za ubavuni zilikuwa zimefika juu. Mzee yule alifanya kazi kwa tezo na keekee, na asubuhi alizungukwa na watoto. Hakuwafukuza. Aliwapa pamba. Kazi yao ilikuwa kuisokota ndefu na nyembamba, kisha yeye huichovya mafuta na kuishindilia katika nafasi baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Hiyo ndiyo kalafati, na bila hiyo chombo hakikai juu ya maji. Mkubwa wangu alisokota kipande cha urefu wa mkono wake. Mzee akakishika, akakivuta, kikakatika. Akamrudishia. "Kaza zaidi, mjukuu wangu. Hapa atapanda mtu." Mtoto alirudia mara nne. Mara ya nne kipande kiliingia ubaoni, na kila alasiri alikwenda kukitazama kama bado kipo.

Jioni watoto walikimbilia chini ya mwembe mkubwa wanamoning'inia popo, wale wakubwa wenye sura kama ya mbweha. Jua likizama, popo huachia matawi mmoja mmoja, halafu kwa makundi, kwenda kutafuta matunda kisiwa kikubwa. Wengine hushuka kwanza baharini, wakagusisha tumbo kwenye maji na kupanda tena. Mdogo wangu alijifunza neno "popo" Chole, kabla hajajua kusema "paka".

Siku ya sita saa nne asubuhi bahari ilikuwa imeondoka. Pale palipokuwa na maji ya kina palibaki mchanga, majani ya bahari yaliyolala upande mmoja, na kijito cha maji ya magotini katikati. Binti wa wifi alimpakata mdogo kiunoni akatangulia. Kabla ya kuingia alinionyesha jiwe jeusi lenye chaza, limekaa peke yake karibu na mikoko.

"Mkaza mjomba, lile jiwe likiwa kavu mpaka chini, tunapita. Maji yakilifika kiunoni, hatupiti."

Tulipofika penye maji akamgeukia mwanangu. "Usinyanyue mguu. Buruta. Samaki taa hulala kwenye mchanga. Ukimkanyaga atakuchoma, ukiburuta anakusikia, anakimbia." Tukavuka wote wanne, tunaburuta miguu, na kweli hatua chache mbele yangu mchanga ulitikisika, kitu kipana kama sinia kikateleza na kupotea. Mwanangu hakupiga kelele. Alinitazama tu, macho yamemtoka, akaendelea kuburuta.

Mama mkwe alitupokea uani. Nilipiga goti, nikampa shikamoo yake. "Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akamshika mkubwa mabegani. "Na huyu ndiye mume wangu? Mbona umechelewa hivi, mwenzio nimezeeka nakungoja!" Mtoto akajificha nyuma yangu. Kufika usiku alikuwa amelala mkekani kwa bibi yake.

Siku zile mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unaandama, na hapo niliona jinsi nyumba ya kisiwani inavyojigawa. Wanaovua kwa mwanga wa taa hutaka giza, kwa hiyo shemeji zangu walitoka magharibi na kurudi alfajiri, wakalala mchana. "Baba kalala," watoto walikumbushana, na ua mzima ukanong'ona mpaka adhuhuri. Bamvua nayo inaacha mwamba wazi, kwa hiyo kina mama walishika vijiti na ndoo, wakaenda kutafuta pweza. Giza la mwezi na bamvua vinakuja pamoja, basi siku zilezile baba hayupo na mama hayupo. Watoto wote wa majirani wanabaki kwa bibi. Niliwahesabu siku moja: kumi na mmoja, mkubwa wao ana miaka tisa. Mama mkwe alikaa kivulini anasuka ukili, hakuinuka hata mara moja kuwaamua. Aliyelia alipelekwa kwake na mwenzake, akapanguswa, akarudi. Walikuwa wanashindanisha vingalawa vyao kwenye dimbwi: kiwiliwili ni kipande cha ndala kuukuu, tanga ni karatasi ya biskuti. Wakubwa walipika muhogo. Wadogo walilishwa na yeyote mwenye kijiko.

Sitaki kuyapamba maisha haya. Maji ya kisima yana chumvi. Jibondo, kisiwa jirani, ni mwamba mtupu, na kwa miaka mingi wenyeji wake walifuata maji ya kunywa kwa vyombo na kuja kulima huku Juani. Mtoto akipata homa usiku, bahari ndiyo inayoamua atafikishwa kwa mganga saa ngapi. Tangu mwaka 1995 eneo hili limo ndani ya hifadhi ya bahari, ya kwanza kuanzishwa Tanzania, na nyumbani kwa mama mkwe mjadala wa nyavu zipi zinaruhusiwa na mwamba upi umefungwa ni mjadala wa watoto watakula nini. Nilisikiliza usiku mmoja wakiuzungumza kwa sauti ya chini, hakuna aliyeuona kuwa mdogo.

Usiku mwingine bibi aliwapa watoto hadithi ya Kua. Magofu yake yako hukohuko Juani: kuta za mawe, misikiti, mibuyu iliyoota ndani ya vyumba. Alisimulia jinsi mji ulivyokuwa na ugomvi na mji wa Kisimani, na siku ya kushua chombo. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo, nikajua inakokwenda: masimulizi yanasema watoto walilazwa mchangani badala ya magogo, chombo kikapitishwa juu yao, na kisasi kikaja miaka baadaye, kwenye harusi. Bibi alifika pale chombo kinaposukumwa. Akawatazama waliolala miguuni pake. "Kikaingia majini," akasema. "Laleni." Sauti yake ilibadilika, nami nikakumbuka vidole vya mwanangu na ile pamba.

Siku ya kurudi maji yalikuwa yatoke mchana. Boti yetu ya Nyamisati ilikuwa kesho yake asubuhi. Nilichelewa: kuaga nyumba saba, kufunga mkeka niliopewa, kumbadilisha mdogo. Tulipofika pwani saa tisa na nusu, mchanga ulionekana bado, na ng'ambo niliwaona watu wa Chole wadogo kama njiti. Binti wa wifi alisimama. Alikuwa anatazama upande wa pili, kwenye jiwe.

"Limefika kiunoni. Hatupiti."

Nikamwambia ni dakika kumi tu. Nikamwonyesha simu. Nikamwambia, na nasema kweli nilipandisha sauti, kwamba tukikosa boti tumeharibikiwa. Hakunijibu. Alimhamisha mdogo kutoka kiuno cha kulia kwenda cha kushoto, akageuka kurudi nyumbani naye. Mwanangu akamfuata.

Nilikwenda kwa mama mkwe nikitaraji atanitetea. Aliniuliza neno moja tu: "Yeye kasemaje?" Nikamwambia. "Basi," akasema, akanisogezea kigoda.

Saa kumi na moja nilirudi pwani peke yangu kutazama. Hapakuwa na mchanga tena. Maji yalikuwa yanapita kasi, ya rangi ya kahawia, na pale katikati tulipoburuta miguu palikuwa na mkondo unaozungusha makuti. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Kisha nikarudi, nikakaa karibu na yule binti, nikamsaidia kuchambua mchele. Sikujua maneno ya kumwambia, na yeye hakuonekana kuyangoja.

Magharibi bahari ilikuwa imejaa na kutulia. Shemeji alituvusha kwa mtumbwi kabla ya kwenda kuvua. Popo walikuwa wanatoka Chole, weusi juu ya anga jekundu. Mdogo aliwanyooshea kidole na kuwaita. Mkubwa alikuwa ameinama ukingoni, mkono wake ndani ya maji.

"Jiwe liko wapi?" akauliza.

Binti alitazama mikoko, akatazama nyuma Juani, akangoja kasia lipige mara mbili tatu.

"Sasa," akasema. "Lipo hapa chini yetu."